Daftari la Alama za Masikio

Kenyamonta,
Alhamisi, 14 Mei 2020

Mdogo wangu Bhoke,

Pokea salamu nyingi za hapa nyumbani. Miguu yako inaendeleaje, na shemeji bado anakohoa? Kama anakohoa mzuie kwenda kilabuni, siku hizi watu wakisikia kikohozi wanakimbia na kuacha pombe mezani. Sisi ni wazima, isipokuwa goti langu la kulia. Mtama umebeba. Ndoo ya maji ipo mlangoni kwa ajili ya hii korona, na anayeingia bila kunawa namrudisha, hata awe mchungaji.

Ningekupigia simu, lakini mtandao huku unapatikana pale jiweni tu, juu ya kilima, na ukiongea pale nusu ya kijiji inajua. Barua inaandikwa na mjukuu wangu Robi, maana mimi unanijua, shule niliiona kwa nje. Nimemwambia aandike kila neno kama ninavyolisema, asirembe wala asipunguze, hata likimhusu. Na litamhusu. Ni yale maneno niliyomtuma Nchagwa akuletee wiki iliyopita, alipokuja huko Ikoma na mbuzi wake.

Unajua Robi alikuwa Mwanza chuoni, anasomea kutengeneza programu za kompyuta. Ugonjwa ulipoingia wakafunga vyuo, akarudi na begi moja. Kompyuta hana, ile aliyokuwa anatumia ni ya chuo. Nikasema vizuri, atanisaidia kupalilia. Hazikupita wiki mbili akaniambia mwalimu wao, Revocatus, ameamua masomo yaendelee kwa simu. Wenye simu kubwa anawatumia video. Wenye vitochi, simu ndogo za vibonyezo, kama Robi wanaandika kazi kwenye daftari, hatua kwa hatua, kwa Kiswahili cha kawaida, halafu anawapigia mmoja mmoja wanamsomea, naye anawaambia walipokosea.  Wewe Bhoke uliona wapi mtu anafundishwa kompyuta bila kompyuta? Nikajua hapa kuna mwanaume.

Mwanaume ningemvumilia. Lakini akaanza kuniuliza habari za ng'ombe. Ukoo wetu ukiwatia alama unakata sikio lipi, ukoo wa Nyansurura wanakata lipi, na mkato wetu ukiongezewa mwingine unafanana na wa nani. Yote anaandika. Siku moja akiwa mtoni nikalifungua lile daftari. Maandishi siyajui, lakini michoro niliiona: vyumba vya mraba, mishale inatoka chumba hiki inaingia kile, mingine inarudi nyuma. Nikaona zizi langu na milango yake.

Unawakumbuka wale ng'ombe tisa walioibwa mwaka aliofariki mzee wangu, babu yake Robi. Unakumbuka tulivyowakuta mnadani, masikio yamekatwa upya, tunawajua kwa sura lakini hatuwezi kuthibitisha. Anayejua alama ya sikio ndiye anayejua pa kukata.

Basi nikawa namfuata. Kila saa kumi jioni akipanda jiweni, nami napanda kwa nyuma kama mtu anayeokota kuni, nakaa upande wa pili wa jiwe. Anasoma taratibu: kama sikio la kushoto lina mikato miwili, nenda hatua ya tano, kama sivyo, nenda hatua ya sita. Mwanaume anamwambia arudie, anarudia. Nami nashika kila neno, maana nilikusudia kwenda kuyasema mbele ya Mzee Mseti na sungusungu wake, na pale ukikosea kidogo tu wanakuambia umezeeka. Jumatatu nikamsikia akiahidi kwamba Ijumaa atamsomea yote, toka mwanzo mpaka mwisho. Nikajua Ijumaa ndiyo siku ya kuniibia.

Hapa Robi amecheka, anasema bibi wewe. Asicheke, sijamaliza.

Jana yeye akiwa kwa majirani, nikaichukua simu yake nikapanda nayo mwenyewe. Saa kumi ikalia. Sikumpa nafasi. Nikamwambia, sikiliza mura, kijana wewe, mpango wako ninaujua, njoo hiyo Ijumaa utakuta vijana na mishale. Akasema shikamoo bibi. Akanieleza kwamba kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua tatizo la nyumbani kwao. Robi alichagua ng'ombe walioibwa. Hiyo programu unaiambia sikio lilivyo sasa, nayo inakutajia koo ambako huenda ng'ombe alitoka, kabla hajakatwa mara ya pili. Alimwambia anaifanya kwa ajili ya ng'ombe tisa wa babu yake. Ijumaa Robi atasoma, mwalimu atachapa kwenye kompyuta yake waone kama inafanya kazi. Asiyesoma kazi yake siku hiyo anarudia mwaka.

Sasa Robi, andika hili polepole, mke mwenzangu. Daftari lako halikuliwa na mbuzi. Jumatatu ileile nilipotoka jiweni nililitia motoni, nikapikia uji, na huo uji uliunywa. Ulipomlaumu mbuzi, nami nikamchapa mbele yako. Na Nchagwa nilimtuma Ikoma akaseme unashirikiana na wezi, wakuangalie ukifika.

Bhoke, hapa kalamu ilisimama. Robi aliiweka chini akatoka, akasimama zizini akinipa mgongo. Sikumfuata. Nilikaa palepale nikaanza kusema kwa sauti: hatua ya kwanza, uliza ni sikio lipi. Hatua ya pili, hesabu mikato. Nilipofika ya tisa nikamwona mlangoni. Akaniuliza nimeyajuaje. Nikamwambia nyuma ya jiwe nilikuwepo siku zote.  Kisha akachomoa karatasi za katikati za daftari la kwaya, akakaa, akasema endelea.

Tumesema mpaka maji ya ugali yakakaukia jikoni. Hatua arobaini na moja zimetoka. Ya thelathini na mbili sina, siku ile kikohozi kilinibana nikashuka mbio. Anasema hiyo ataifikiria mwenyewe, na mishale atachora upya. Kesho saa kumi ndiyo atasoma. Mwalimu akiuliza lililotokea, amesema atamwambia ukweli, nami nimemwambia asinifichie jina. Nimemwita mke mwenzangu, utani wetu wa siku zote, mara tatu toka hapo. Hajaitika. Anasema tu endelea, nami naendelea.

Wewe mtafute kila aliyesikia maneno ya Nchagwa, umwambie aliyekosea ni Ghati, si mtoto. Usiache hata mmoja. Msalimie shemeji na wote wa hapo. Naishia hapa, maana mwandishi wangu mkono umechoka na bado ana kazi ya kunakili hatua zake.

Ni mimi dada yako,
Ghati

Hilo hapo chini ni dole gumba langu, nimeliweka mwenyewe.