Mikorosho Mitatu na Pori Lake

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumatatu jioni

Kwa Mjomba wangu Issa, uliyenilea,

Shikamoo Mjomba. Nakuamkia kwa adabu zote, ingawa nimekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi na karatasi iko pajani. Kifua chako kimetulia? Ile dawa niliyomkabidhi dereva wa lori ilifika, au aliinywa yeye njiani? Na mkaza mjomba, miguu yake inampeleka kisimani bila kulalamika? Sisi huku ni wazima. Mkwe wako Saidi bado anapakua meli bandarini, na vitumbua vyangu bado vinatoka, watu wanagombana asubuhi pale sokoni.

Mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Mwalimu anayekusomea nampa salamu zake hapa hapa, na namwomba asiruke neno hata akiona haya.

Mjomba, barua yako ya mwisho niliisoma nikaikunja nikaiweka chini ya mto. Ulisema tangu katapila zilipokuja kung'oa pori letu kwa ajili ya mashamba ya karanga ya serikali, kamba yako imeliwa na panya, wala huna tena mti wa kukwea. Mrina asali mzima unasema huna mti! Nililia, kisha nikakasirika, na unanijua mimi nikikasirika. Basi hasira hiyo imenifikisha hapa: nimenunua pori.

Naam, pori. Si shamba la mpunga wala kiwanja cha nyumba. Ni uwanda mdogo wa nyasi huko njia ya Pugu, na upande wa bondeni una kijisitu: mininga, mitondoo, na mkwaju mmoja mkubwa. Siku ya kwanza kufika nilimsikia ndege wa asali, yule yule wako anayekuongozaga kwenye nyuki. Alinipigia kelele mti hadi mti, na mimi masikini nimesimama na kikapu, sina shoka wala moto. Nikamwambia, tulia, mwenyewe atakuja.

Wazo lilianzia Mchafukoge. Nina mteja huko, mama mmoja wa Kihindu, Mama Lila, ambaye kila Jumamosi huchukua vitumbua kikapu kizima. Nikamuuliza anavipeleka wapi. Akasema, "Kesho mandari, Bi Somoe, kula nje ya mji. Watoto wakae kwenye miti kidogo." Nikarudi nikikata uwanja wa Mnazi Mmoja huku nikiwaza. Sisi wa Kariakoo tunaishi chumba kimoja kimoja, uani tunapigana vikumbo na masufuria. Nani kasema sisi hatuna haja ya kukaa kwenye miti?

Wenzangu wa upatu walinicheka. Bi Tatu, jirani yangu wa mlango wa pili, alisema, "Watu wanakimbia pori kuja mjini, wewe unatoka mjini kwenda kulinunua? Umelogwa, shoga." Zamu yangu ya upatu ilipofika, nikaenda na fedha hizo moja kwa moja kwa Mzee Kondo, Mzaramo mwenye mahali pale.

Mzee Kondo alinishangaza. Alisema, "Mwanangu, mikorosho hii mitatu niliiotesha mimi, nitakuuzia. Huo msitu na hizo nyasi sikuotesha. Nitauzaje kitu ambacho sikukifanya?" Ndiyo desturi ya huku, Mjomba. Mtu hununua mti uliooteshwa kwa mkono, na mahali penyewe humfuata mwenye mti. Nikanunua mikorosho mitatu mbele ya mashahidi, akanizungusha mipakani, nikarudi nyumbani naimba. Kwetu pori lina wenyewe hata kama halijaona jembe. Sikujua kwamba huku pori lisiloona jembe huwa la shoka la kwanza.

Basi zikaanza Jumapili zetu. Tunapanda basi la asubuhi, wanawake wa upatu na watoto, na Saidi akiwa hana zamu. Tunabeba wali, samaki wa kukaanga na birika. Saidi alifunga bembea kwenye mkwaju kwa kamba kuukuu ya melini. Tukatafuta mawe ya mafiga, tukafagia kiwanja cha kuchezea ngoma, tukaacha vingine vyote kama tulivyovikuta. Na Bi Tatu, yule aliyesema nimelogwa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulala kwenye nyasi, akakoroma mpaka njiwa wakahama. Sasa ikifika Ijumaa ndiye anayeniuliza, "Kesho kutwa tunaenda, au hatuendi?"

Jumapili moja tukakuta mninga umelala chini. Pembeni, Kibwana anapanga magogo ya tanuri la mkaa. Kibwana huyo, Mjomba, ndiye anayeniuzia mkaa wa kupikia vitumbua! Tukatazamana.

"Kibwana, unakata mti wangu?"

"Mti wako upi, Mama? Wewe ulinunua mikorosho. Mikorosho yako ile pale, sijaigusa hata jani. Hapa hakuna jembe wala muhogo. Hili ni pori la Mungu."

"Pori la Mungu ndiyo ulichome?"

"Kwani vitumbua vyako unavipikia nini, Mama, mate?"

Mjomba, hapo alinipata. Nilishika kile kisiki, bado kina unyevu mwekundu, nikakuona wewe umekaa kibarazani unatazama udongo mtupu. Nikasema moyoni, mara hii haitatokea.

Tukaenda kwa Jumbe wa pale. Akatusikiliza wote, kisha akaniuliza, "Mama, ardhi ya mtu inajulikana kwa jasho lake. Umefanya kazi gani pale?" Nikamwambia, njoo uone.

Akaja, na nusu ya kijiji nyuma yake. Akaona njia iliyochimbika kwa miguu yetu kutoka barabarani. Akaona mafiga yenye masizi, na kiwanja kilichofagiliwa. Akalishika tawi la mkwaju mahali kamba ya bembea ilipolisugua mpaka likang'aa. Akaona na nyasi zimelala duara pale tunapokaaga kula. Akasema, "Nimeona watu wanalima kwa jembe, na wengine kwa ng'ombe. Huyu mama amelima kwa makalio." Mwalimu, usiruke hapo! Watu walicheka mpaka Kibwana naye akacheka, na mimi nilicheka huku nimeshikilia kanga yangu kwa hofu, maana sikujua hukumu itaangukia wapi.

Ndipo Mzee Kondo akasimama. Akasema, "Jumbe, huu msitu sikuuotesha, kweli. Lakini tangu ujana wangu nimekuwa nikiwafukuza wenye mashoka. Kuuacha usimame nako ni kazi. Huyu nimemwachia kazi hiyo." Akakaa.

Jumbe akaamua. Kutoka mikorosho mpaka bondeni, nyasi na miti yote, ni ya Somoe binti Hamisi na wenzake wa mandari, na shoka lisiingie. Mjomba, wanawake walipiga vigelegele mpaka jogoo wa jirani wakajibu. Pale Mnazi Mmoja siku hizi kuna mikutano, watu wanasema nchi ni yetu, nami napiga makofi kama wengine. Lakini siku ile nilisimama kwenye nyasi za kwangu, mtoto wa kike niliyekuja mjini na kanga moja, nikajiona mrefu kuliko mkwaju. Najivuna, sifichi. Ukitaka kunigombeza kwa majivuno, nigombeze.

Kibwana tumepatana. Mkaa bado ananiuzia, wa kwingine, nami nimeupunguza, napikia vifuu vya nazi, ambavyo kwangu havikosekani. Faini yake Jumbe aliniachia niiseme mimi. Sikutaka fedha. Nilimwambia achukue kipande cha ule mninga alioukata, akitoboe ndani, anichongee mzinga.

Amekwisha kuuchonga. Ni mzuri, ila hapa mjini kuna mafundi wa cherehani na wajuzi wa meli, hakuna anayejua mzinga unatundikwaje nyuki wakaupenda. Saidi alijaribu kuukwea mkwaju, akashuka na suruali iliyochanika.

Nisalimie mkaza mjomba, na dada yangu Zainabu na watoto wake, na shemeji fundi wa milango, mwambie namdai mlango tangu arusi yangu. Bi Tatu anawasalimu, anasema hajalogwa.

Kamba usihangaike nayo. Saidi amekuletea mpya kutoka bandarini, nene, panya wataishia kuitazama. Nauli ninaituma kwa dereva yule yule wa lori. Mzinga upo chini ya mninga uliobaki, na ndege wako bado anaita kila Jumapili, na kila Jumapili namwambia uongo kwamba uko njiani.

Ulisema huna mti wa kukwea, Mjomba. Unao.

Mimi mpwa wako,
Somoe binti Hamisi