Nilikuwa Vitani, Mama Mkwe Anataka Niseme Nilikuwa kwa Shangazi

Shikamoo Mama Domisiana,

Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumweleza ambaye hatanihukumu kwanza. Mimi ni Zita wa Nyakisasa, Ngara, kijiji chetu cha ujamaa kilinifundisha kuendesha trekta, na vita ilipoanza nilikuwa mgambo, nikapangwa kuhudumia majeruhi, tukavuka hadi Uganda, na siku moja mbele ya Masaka tukiwarudisha majeruhi kwa lori kombora lilianguka karibu, dereva akaumia bega, askari mmoja akauliza, "Sasa nani atatutoa hapa?" nikasema, "Mimi," nikashika usukani ingawa lori si trekta, dereva yuko ubavuni ananielekeza, "Badili gia, punguza, kata kushoto," barabara mashimo matupu na nyuma watu wanaugulia kila tukiruka, lakini tulifika hospitali ya jeshi wote wakiwa hai, na kamanda akanipigia saluti, mimi binti wa mkulima, na hadi leo nikikumbuka najiona mrefu.

Sasa nimechumbiwa na Ansbert wa Kaniha, Biharamulo, tunapendana, ila mama yake amesema, "Binti aliyelala porini na wanaume haingii kwangu. Siku ya utambulisho aseme alikuwa kwa shangazi yake Rusumo." Ansbert naye ananiambia, "Kubali tu, Zita, ni maneno ya siku moja." Je, niseme uongo nipate ndoa, au niseme kweli nimkose?

Zita

JIBU

Marahaba, Zita. Pole kwa yaliyokukuta huko, na ahsante kwa kazi uliyoifanya.

Sasa nikugombeze. Nimetafuta kosa lako katika barua hii sijaliona, mbona unauliza kama mtu aliyeiba? Maneno hayo si ya siku moja. Utayarudia kwa majirani, kwa padri, kwa watoto wako, na mgambo mwenzako akikusalimia sokoni itabidi ujifanye humjui. Utaweza?

Mama mkwe usimchukie. Hakuwepo, amesikia ya vilabuni. Mfuate kabla ya utambulisho, Ansbert akiwa pembeni yako. Piga magoti umwamkie, kisha ukae umweleze habari za lori kama ulivyonieleza mimi, bila kuinamisha uso. Halafu Ansbert aseme kwa mdomo wake kwamba anakutaka wewe na kwamba ulikuwa vitani. Akinyamaza, aga kwa heshima urudi kwenu siku hiyohiyo. Asiyekutetea mbele ya mama yake hajawa tayari kuoa.

Nikuambie na langu. Mdogo wangu wa kiume alirudishwa kwa lori la majeruhi kutoka upande huo huo wa Masaka, akapona. Dereva hatukumjua, wala sidai alikuwa wewe, lakini mama yetu humwombea kila akisali. Nimemsomea barua yako. Alifuta macho, akasema, "Mwandikie huyo binti kwamba kama Kaniha hawamtaki, mimi bado nina mtoto wa kiume ambaye hajaoa."

Ansbert na asikie.