Khaemba Tulikuwa Tumeshamzika

Barasa, bakoki wangu,

Nimekasirika. Naanza hivyo kwa sababu ungekuwa hai ungetaka kwanza habari za mvua, za mahindi, za nani ameoa na nani ameachwa, na leo mimi sina subira hiyo. Nimekasirika na watu waliotengeneza ile muvi yetu ya Nguzo. Nimekasirika nawe pia, lakini hilo tutalifikia. Mimi na wewe tulipakwa matope ya mto mmoja asubuhi moja, tukasimama mbele ya ngariba mmoja bila kupepesa macho, na kwetu Wabukusu mtu wa namna hiyo ndiye bakoki, ana ruhusa ya kukutukana hata mbele ya mama yako mzazi. Leo naitumia ruhusa yangu. Kaa hapo usikilize.

Msimu wa mwisho umetoka. Ule uliokuwa ukiungoja kama mtoto anayengoja Krismasi, ule uliosema wakiuharibu utauza TV. Wameuharibu, bana. Uza TV.

Unakumbuka tulivyoanza? Uliingia chumbani kwetu Tuwan jioni moja, unanuka moshi wa kuchomelea vyuma, flashi mkononi, ukasema kuna jamaa hapa hapigi mtu, yeye anashika tu. Jengo likianguka anashika. Daraja likikatika anashika. Ukampa jina la Nguzo, na lile jina lake la Kizungu hatukulitumia tena. Ulimpenda kwa sababu wewe ni fundi wa mageti na mapaa. Mashujaa wengine wa runinga wanabomoa mji mzima wakimtafuta mwizi mmoja, halafu wanaruka zao. Huyu alikuwa mtu wa machimbo ya mawe, mikono imepasuka, anakula mkate mkavu, na kazi yake ilikuwa kuzuia vitu visiwaangukie watu. Ulisema hatimaye wametengeneza muvi ya mtu anayefanya kazi.

Kisha ukampelekea mama yako. Kila Jumapili baada ya kanisa tulikuwa Kamukuywa, wewe na mimi na flashi, na mama yako kwenye kile kiti chake chenye kitambaa cha kushona. Kizungu hajui, kwa hiyo ukawa unamtafsiria, sauti nene kwa Nguzo, sauti ya pua kwa adui mwenye kofia uliyemwita Chifu. Mama alimchukia Chifu tangu siku ya kwanza. Na yule dereva wa lori, rafiki ya Nguzo, mwenye kovu kwenye nyusi, asiye na nguvu zozote ila hamu ya kula, ukamwita Khaemba. Mama alimpenda Khaemba kuliko wote. Alisema anakula kama wewe.

Halafu Khaemba akafa. Alibaki chini ya daraja akiwatoa watoto, Nguzo mikono ikamlegea, basi. Wakamzika kwenye mvua, watu wachache, bila wimbo wa maana. Mama yako alikuuliza jambo moja tu, "Kwao wamenyoa?" Ukamjibu, "Wamenyoa, Mayi." Jumapili iliyofuata akasimama kanisani mbele ya akina mama wenzake akaomba wamwombee mama wa Khaemba, popote alipo, maana amepoteza kijana wa kazi. Na wakaomba! Kanisa zima, macho yamefumbwa, wakimwombea mama wa dereva wa kwenye flashi. Mimi nilikuwa nimeuma ulimi nisicheke. Wewe ulininong'oneza, "Wacha aombewe, bana. Nani ameumia?"

Tukirudi Kitale ulikuwa mpole njia yote. Ulisema hawa watu wana heshima. Ulisema, "Huyu amekufa na atakaa amekufa. Hawatamrudisha kama zile muvi za upuzi." Maneno yako hayo. Nimeyabeba mpaka leo, na wamenifanya nionekane mjinga nikiwa nayo.

Sasa wewe. Uliposhika tumbo ile asubuhi nilikuambia twende hospitali. Ukasema, "Hii ni gas ya maharagwe, bana, wacha wasiwasi." Ukanywa soda. Ukarudi kwenye geti la watu, umejikunja kama koleo, unachomelea. Kesho yake vivyo hivyo, soda na geti. Tulipofika hospitali daktari alisema kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka, na sumu imeenea. Kidole tumbo, Barasa! Kitu ambacho watu wanatolewa, wanalala siku chache, wanarudi nyumbani kulalamikia chakula cha wodini. Lakini wewe ulikuwa Nguzo, sivyo? Nguzo halali chini. Pumbavu. Nimeliandika na silifuti.

Tulikurudisha Kamukuywa. Siku ya kunyoa mama yako alikaa kwenye kigoda uani, kichwa kimeinama, na wembe ukapita. Mimi nikajipanga nyuma ya ndugu zako. Mjomba wako akaanza kelele, kwamba mimi si wa ukoo, kwamba bakoki kazi yake ni mzaha. Mama hata hakuinua kichwa. Alisema, "Mnyoeni." Nikanyolewa. Nilirudi sokoni kuuza viatu vyangu vya mitumba na kipara kinachong'aa, wateja wakidhani nimeokoka.

Nilidhani mambo ya Nguzo yameisha nawe. Kisha siku moja mama akanipigia, akauliza habari za Kitale, akazunguka weee, mwisho akasema, "Simiyu, ile muvi iliendelea?" Nikamwambia msimu wa mwisho ndio umeingia mjini. Nikasema Jumapili nakuja. Nikaenda kwa kijana wa muvi akanijazia flashi, ile ile yako, yenye uzi mwekundu.

Mimi si mtafsiri. Natafsiri kama mtu anayesoma tangazo la mnada. Mama alivumilia sehemu ya kwanza, akasema kwa upole kwamba Barasa alikuwa anaweka sauti. Nikajaribu kuweka sauti. Kuku walitoka sebuleni.

Lakini hata wewe usingeiokoa ile takataka. Kwanza wamemvisha Nguzo nguo ya dhahabu inayombana. Mikono haijapasuka tena, imepakwa mafuta. Kisha, shika roho, kumbe si mtu wa machimbo. Kumbe ni mtoto wa mfalme fulani wa huko kwenye nyota, na nguvu zake ni za damu, za ukoo. Miaka yote ile tumeshangilia mtu wa mkono, kumbe mtoto wa mkubwa! Hata huko juu ni kujuana. Na amejifunza utani. Jengo linaanguka, watu wanalia ndani, yeye anatoa kichekesho kwanza. Kila sehemu inaisha kwa mwanga wa buluu unaotoka mawinguni na watu wanaukodolea macho. Sehemu moja nzima ilikuwa ya kututambulisha kwa watu wenye muvi zao nyingine, kama vile tumeenda harusini tukakuta wageni wanauza sabuni. Mama alilala kwenye hiyo. Nikaona aibu kana kwamba nimeiandika mimi.

Bado tulienda nayo. Jumapili baada ya Jumapili, chai, mahindi ya kuchemsha, na mimi nikitafsiri upuzi. Juzi tukafika sehemu ya mwisho.

Mwanga wa buluu ukaja. Nguzo akakunja ngumi akageuza saa ya dunia, sijui nini, usiniulize. Mlango ukafunguka. Na Khaemba akaingia.

Akaingia tu, bakoki. Koti safi, hata vumbi hakuna. Akauliza kuna chakula gani. Wakacheka wote, wakakumbatiana, muziki ukapanda.

Nitakuambia jambo na usinicheke. Mimi niligeuka nikaangalia mlango. Mlango wa mama yako, ule wa bluu, uliokuwa wazi. Niliangalia kabisa. Jua lilikuwa limeingia mpaka kwenye mkeka, na hapakuwa na mtu.

Mama akaita, "Simiyu. Huyu si ni yule tulizika?"

Nikamdanganya. Nilisema, "Hapana Mayi, ni ndugu yake."

"Ndugu yake na kovu ni hiyo moja?"

Nikamwambia, "Wamemrudisha, Mayi." Akauliza nani. Nikasema wenye muvi. Akaitazama ile TV kwa muda, wale watu wakiendelea kukumbatiana, akauliza, "Na amepita tu kwa mlango hivi? Kondoo iko wapi?"

Hapo ndipo niliona jinsi walivyotukosea. Kwetu mtu akishaliliwa na kunyolewa, hata akipatikana mzima, haingii nyumbani kama aliyetoka dukani kununua chumvi. Anasimama nje. Wazee wanaitwa, kondoo anachinjwa, maneno yanasemwa, ndipo anavuka mlango, kwa sababu watu wameshamlilia na kulia kule si mchezo. Mama yako alijua hivyo na mimi najua hivyo. Wale wenye muvi hawajui, na kama wanajua hawajali. Mama alipeleka mkono kichwani. Nywele zake zimeanza kurudi, fupi, nyeupe tupu. Akasema, "Sisi tulinyoa." Kisha akasema, "Zima."

Nilizima. Mahali fulani kuna watu wamekaa mezani na kahawa yao, wakajiuliza tufanye nini watazamaji wapige makofi, wakajibu, tumtoe maiti kaburini. Walikuwa na njia nyingi za kumaliza ile hadithi. Wakachagua ile inayomcheka kila mtu aliyewahi kuzika. Walitupa kifo kimoja cha kweli, tukakiheshimu, kanisa likakiombea, halafu wakakirudisha mfukoni wakasema tulikuwa tunatania. Laiti ningejua wanakoishi ningewapelekea mama yako awaulize yeye mwenyewe.

Nilidhani amemaliza. Alikuwa anapukuta punje za mahindi kwenye leso yake, mara akauliza, "Kwani huyo Nguzo, miaka hii yote, hakuwahi kwenda kwa mama ya Khaemba?"

Nikafikiri. Nilizipitia sehemu zote kichwani, tangu ile ya kwanza tuliyoiangalia Tuwan. Nguzo alienda chini ya bahari. Alienda kwenye barafu. Alienda kwenye nyota na kurudi. Kwa mama wa rafiki yake hakuenda hata siku moja. Hatujawahi kuiona nyumba yake. Hatujui hata kama alikuwa hai.

"Hapana, Mayi," nikasema. "Hakuwahi."

Akaitikia kwa kichwa. "Mimi nilikuwa nangoja hiyo tu."

Barasa, alikuwa anangoja hiyo tu. Ule mwanga wote, dhahabu yote, mtoto wa mfalme, alivumilia vyote akidhani sehemu inayofuata yule jamaa atabisha hodi kwa yule mama, akae, apewe chai. Mtu anayeshika daraja hawezi kushika kikombe? Ningekuwa na nguvu zake ningeanzia hapo.

Kisha mama akasimama, akachomoa flashi kwenye TV, akaipangusa kwa leso, akaniwekea mkononi. Akasema bila kuniangalia, "Sasa imeisha. Jumapili utakuwa na kazi zako." Alikwenda kuangalia kuku. Mimi nikasema "Haya, Mayi," nikaondoka, na nilikuwa nimeshafika Kitale ndipo nikaelewa kwamba lile neno la Jumapili lilikuwa swali. Ndiyo maana sikuweza kulala, na ndiyo maana naandika.

Habari nyingine ni chache. Mashine yako ya kuchomelea anayo binamu yako, amemaliza lile geti uliloliacha, limepinda na mwenyewe anajisifu. Msumari wa koti lako bado uko ukutani Tuwan na sijatundika kitu hapo. Nimepata mtu anayetaka kukaa nami chumbani, nimemwambia angoje kidogo.

Sasa sikia ahadi yangu, halafu ulale. Jumapili naenda Kamukuywa. Sibebi flashi. Nitabeba sukari na mkate, nitabisha hodi, nitakaa kwenye kile kiti chako kinachoyumba, na akiniuliza nimeleta muvi gani nitasema hakuna, nimekuja tu. Na Jumapili ile nyingine vivyo hivyo. Mjomba wako akipiga kelele, apige.

Na wewe usirudi. Nakuambia kwa hasira na kwa upendo, usije kutufanyia mambo ya Khaemba. Tulilia vizuri, tulinyoa vizuri, mama yako amekuzika kwa heshima. Lakini kama siku moja, kwa njia nisiyoijua, utajikuta umesimama pale uani, usiguse ule mlango wa bluu. Baki nje, uniite kwa jina. Kondoo nitaleta mimi.

Bakoki wako,
Simiyu