Nesi Aliyemtafutia Suleiman wa Kumuadhinia

Rukia mwanangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Chukwani tu wazima, ila Suleiman anaota meno na mimi usingizi naupata kwa vipande. Umeniuliza kama unesi ni kazi ya kusomea. Inachosha, sikufichi.

Nilipojifungua, babake Suleiman alikuwa Pemba, na mtoto hana mwanamume wa kumuadhinia sikioni, kama ada yetu kwa mtoto mchanga. Nesi wa wodi yetu keshavua viatu, miguu imemvimba kwa zamu ndefu.

"Keshaadhiniwa huyu?" akaniuliza.

"Bado, dada."

Akambeba pekupeku mpaka mlango wa wodi, akamsimamisha mzee aliyekuja kumtazama bintiye. "Babu, tufanyie hisani."

Babu akaadhini, nesi kamshika mtoto huku mwenyewe anasinzia. Roho yangu ikatua.

Ukiona utaweza kuuliza suali kama lile la nesi hali umechoka, nenda kasome, mwanangu.

Mamako mdogo,
Mwanakhamis