Mama Mkwe na Glavu za Kipa Wetu

Shangazi Placida mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie kabla ya Jumatano maana nimebanwa kila upande, na jina langu tafadhali usilitoe.

Mimi ni nahodha na mshambuliaji wa timu ya chuo kimoja hapa Woolwich, tuko ligi ya chini kabisa ambayo chini yake hakuna kitu ila matope, na tangu msimu uanze hatujashinda hata mechi moja, sasa mwalimu wa michezo ametuambia tukifungwa Jumatano hii timu inavunjwa na uwanja wanapewa wasichana wa hoki, nami sina neno na hoki lakini Shangazi, uso nitauweka wapi?

Kipa wetu ni Gires, Mkongo wa Bukavu anayekaa Peckham na mama yake na dada yake Armelle, na huyo Armelle ndiye mchumba wangu, Jumamosi inayofuata mechi hiyo wazee wangu wanakwenda kwao kupeleka posa. Sasa Gires mazoezini anadaka hata nzi, lakini siku ya mechi mpira unamponyoka kama sabuni bafuni, tukasema labda ni woga, tukasema labda amerogwa, mpaka wiki mbili zilizopita tulipokwisha kupigwa nikambebea glavu zake nikaona viganja vyangu vinang'aa. Kumbe mama yake kila Jumatano asubuhi anaziombea na kuzipaka mafuta ya zeituni yaliyobarikiwa kanisani kwao, mwanzoni lilikuwa tone dogo tu la kuchora msalaba, lakini kadiri tunavyofungwa ndivyo anavyoongeza, sasa hivi anamimina kama mtu anayetaka kukaanga maandazi, na mechi iliyopita alikuja uwanjani mwenyewe na chupa akapaka mpaka milingoti ya goli. Nikajaribu kuzifuta zile glavu kwa taulo, kwa upole kabisa, akaniona, akanikaripia mbele ya timu nzima, "We kijana, mafuta ya Bwana haitelezake! Ni imani yenu njo inateleza!" Kisha akapaka upya.

Shangazi, sisi kwetu Bungoma mama mkwe hata kumpa mkono ni mwiko, sembuse kumwambia kwamba maombi yake yanatufungisha. Armelle naye ameshanionya, "Chéri, please, Maman umuache na mafuta yake, ukigusa ile chupa hakuna ndoa." Nimefikiria kununua glavu nyingine zinazofanana na zile nizibadilishe kwa siri kwenye chumba cha kuvalia, ila Gires amekataa katakata, anasema hawezi kumdanganya mama yake, yeye ndiye mtoto wa kiume aliyebaki, kaka zake wawili walipotea vitani, na mimi namwelewa lakini ligi haielewi. Wala usidhani tatizo liko kwingine, msimu mzima tumepata mabao mawili, moja wapinzani walijifunga wenyewe na la pili ni penalti ya Firoz, beki wetu wa Kenton, mimi binafsi bahati haijanikalia vizuri mbele ya goli lakini hiyo si hoja.

Je, niokoe timu nikose mke, au nipate mke niizike timu?

Nahodha Asiyelala, Woolwich

*

Nahodha, marahaba. Barua yako nimeisoma kwenye basi nikacheka mpaka dada niliyekaa naye akahama kiti. Jina lako umelificha, ila ukoo mzima wa mchumba wako umeuanika juani. Majina yao yote nimeyabadilisha, usinishukuru.

Tuanze na hayo mabao mawili. Mwanangu, wewe ni mshambuliaji au mshangiliaji? Msimu mzima hujafunga, halafu mzigo wote unamtwika mama wa watu na chupa yake! Hata kama Gires angedaka kila kilichopita mbele yake, ukiondoa mechi za hayo mawili, zaidi ya sare mngepata nini? Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na wewe umesingizia mafuta.

Hata hivyo sikatai, glavu zenye mafuta hazidaki mpira. Lakini hilo wazo la kuzibadilisha kwa siri lifute leo hii. Mtu hamchezei mama mkwe shere wiki ya posa. Atagundua, kina mama hugundua, na wazee wako watapokelewa kwa ufagio.

Sasa nisikilize, maana hapa sicheki tena. Umeandika kwa kupitia tu kwamba kaka zake Gires wawili walipotea vitani, kisha ukarudi kwenye ligi yako. Mimi nimesali na kina mama wa Bukavu miaka mingi, na sijamsikia hata mmoja akimwomba Mungu pointi tatu. Mama huyu aliagana na wanawe wawili, hawakurudi. Kila Jumatano huyu wa mwisho anabeba begi lake anatoka, naye hana kingine cha kumpa njiani. Mafuta anayaongeza kwa sababu mtoto anarudi uso umemshuka, si kwa sababu ya jedwali lenu. Imeniuma kwamba ulichukua taulo.

Kwenu mama mkwe hasemeshwi, sawa, basi tumia mdomo mwingine. Jumapili nenda kanisani kwao, mtafute mama mzee anayeheshimiwa, mweleze shida yako kwa adabu. Yeye ndiye amwombe mwenzake ampake Gires kichwani, ambako wafalme walipakwa, mikono ibaki mikavu kwa kazi. Akikubali, na wewe uombewe miguu, maana inahitaji. Akikataa, chezeni hivyo hivyo mfungwe. Hoki nayo ni mchezo.

Na kuanzia Jumatano hii, mshinde msishinde, usimwache Gires apande basi peke yake. Mrudishe mwenyewe mpaka Peckham, abishe hodi, mama afungue amwone mzima, ndipo ugeuke uende zako. Fanya hivyo, na Jumamosi wazee wako hawatahitaji maneno mengi.