Meno ya Daraja

Jumatatu, 5 Julai 1954

Nimetoka shule, nimempelekea Baba chakula darajani kama kawaida. Ugali na kisamvu. Baba ni mnyapara kwenye daraja jipya la njia ya Kibaha. Boriti za chuma zimeshalazwa. Juu yake vimechomelewa vipande vifupi vya chuma, vimesimama safu. Wanaviita meno. Kesho zege litamwagwa juu yake.

Wabeba zege hawana viatu. Njia yao ni juu ya boriti ya katikati, na leo walipoijaribu meno yamewakata miguu. Mnyamwezi mmoja akamtania Baba: "Nyie Wazaramo mmetupandia miiba ili mtuzike mapema." Wote wakacheka. Baba naye. Akasema, "Haya, yalazeni mpate njia." Kwa watani wake Baba hajui kukataa. Wakayagonga kwa nyundo mpaka yakalala. Bwana Injinia alikuwa ameenda Dar es Salaam.

Jumanne, 6 Julai

Zege limemwagwa. Limefunika kila kitu. Linapendeza.

Alhamisi, 22 Julai

Leo Mwalimu aliweka mbao mbili nyembamba, moja juu ya nyingine, akazibonyeza katikati. Zikapinda sana. Nchani nikaona moja inateleza juu ya mwenzake. Kisha akazipigilia misumari pamoja, akabonyeza tena. Zikapinda kidogo tu. Alisema zikishikana huwa kitu kimoja. Zikiteleza, kila moja inabeba peke yake.

Nikakumbuka daraja. Meno ndiyo misumari. Kwenye boriti ya katikati, zege limelala tu juu ya chuma.

Sikumwambia mtu. Labda nimekosea. Mimi ni mtoto wa shule tu.

Jumapili, 1 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Nimeogopa wiki nzima. Nikifumba macho naona zege linateleza.

Ijumaa, 6 Agosti

Mjomba Athumani, kaka yake Mama, amekuja. Ni dereva wa lori. Kesho yeye ndiye atakayepitisha mzigo wa mawe kulijaribu daraja. Alisema likianguka, kofia yake apewe Baba, maana Baba anaanza upara. Mama alicheka. Nilitoka nje.

Nikamfuata Baba nyuma ya jiko, nikamweleza habari ya mbao za Mwalimu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kumbe naye alikuwa na wasiwasi.

"Nikisema, nafukuzwa kazi," alisema.

"Usiposema, Baba, Mjomba anapita."

Akarudi ndani. Hakula. Sasa namwogopa baba yangu, na sijawahi kumwogopa.

Jumamosi, 7 Agosti



Tulisimama pembeni ya barabara, watu wengi. Lori lilikuwa limejaa mawe, linanguruma. Mjomba alinipungia mkono. Baba alikuwa anatazama chini. Bwana Injinia akatoa ishara. Magurudumu ya mbele yakakaribia zege.

Baba akakimbia. Akasimama mbele ya lori, mikono ameitanua. Mjomba alifunga breki karibu naye kabisa.

Bwana Injinia alifoka. Baba akavua kofia, akaeleza yote. Bwana Injinia hakuamini, akaamuru zege litobolewe juu ya boriti ya katikati. Walipofika kwenye chuma, meno yalikuwa yamelala. Akachuchumaa, akayagusa moja moja. Hiyo ilinitisha kuliko kelele zake.

Yule Mnyamwezi akasogea, akasema nyundo alishika yeye. Baba akasema, "Ruhusa nilitoa mimi."

Jumapili, 8 Agosti

Baba si mnyapara tena. Hakufukuzwa. Kuanzia kesho atavunja zege pamoja na watu aliokuwa akiwasimamia, na meno yatachomelewa upya. Mshahara utapungua, shule sijui itakuwaje. Mama anasema niendelee kusoma tu.

Mjomba alichinja jogoo. Tulikula mchana. Hakutania hata kidogo. Alikuwa anachagua minofu, anaisogeza upande wa Baba kwenye sinia. Baba aliila yote.