Gari Linawaka, Mzee Bado Anasubiri Stika

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa gerejini kwangu nyuma ya nyumba, kwa sababu ndani hakuna tena mtu anayetaka kunisikiliza, na wewe ndiye tumaini langu lililobaki. Mimi ni fundi wa majokofu, nina mke na watoto, sinywi, sivuti, starehe yangu ni moja tu, gari la baba yangu, lile dogo la milango miwili alilolinunua ujanani, ambalo lilikaa chini ya turubai miaka mingi mpaka nilipoamua kulifufua, na nimelifufua kweli, injini inawaka mara moja, breki zinashika, rangi inang'aa hadi unajiona uso, tatizo ni hawa wauzaji wa spea za kuiga, mshauri, hawa watu ni majambazi wanaotoa risiti.

Raba za milango nimezinunua kwao kwa bei ya matairi, mvua ya kwanza maji yakaingia mpaka kwenye viti, wakati zile za zamani, ambazo mzee alizichonga mwenyewe kutoka kwenye mpira wa baiskeli, hazikuwahi kuvuja hata tone, ila nilizitupa kwa kuwa hazikuwa za kiwandani. Nembo ya mbele imekuja plastiki tupu iliyopakwa kitu cha kung'aa, nikaipitishia kitambaa, mng'ao wote ukabaki kwenye kitambaa. Na sasa kuna hii stika. Chini ya boneti, kwenye kopo la chujio la hewa, gari hili lilitoka kiwandani na stika ndogo ya rangi ya chungwa, na mimi nimeitafuta kama mtu anayetafuta dawa ya mtoto. Ya kwanza niliyouziwa ilikuwa nyekundu, ya pili herufi zake zilikuwa nene mno, iliyofuata ililingana kabisa, lakini siku nilipowasha injini ilipata joto ikajikunja kama jani kavu, nikampigia muuzaji, naye akanijibu bila aibu, "Kaka, hiyo ni ya maonyesho. Nani alikwambia uwashe gari?"

Sasa anasema ipo nyingine inayovumilia joto, bei yake ni sawa na kompresa mpya ya jokofu, na anataka alipwe kwanza.

Utaniuliza kwa nini nisiiache. Mshauri, mimi ni mwanachama wa chama cha magari ya zamani, na kwetu gari lililofufuliwa halitoki getini mara ya kwanza mpaka wenzako waje na tochi walikague kila upande, mwenyekiti aseme limekamilika. Likitoka kabla ya hapo, limetoka uchi, na picha zitazunguka kwenye simu za watu wote. Sitaki gari la baba yangu lichekwe.

Ila baba mwenyewe hataki kuelewa. Anataka nimpeleke kwa shangazi, dada yake mkubwa, anayeishi ng'ambo ya mto na tangu apate kiharusi hasafiri, na siku hizi hata kwenye simu sauti yake inakatika katikati ya neno. Nimesema nitakodi gari, mzee amekataa, anasema atakwenda na lake kama alivyokuwa akienda zamani. Kila asubuhi anavaa koti, anakuja mpaka mlango wa gereji, ananiuliza kama limekwisha, namwambia bado kitu kidogo, anarudi kukaa. Pumzi yake siku hizi si nzuri. Juzi mke wangu, ambaye ni muuguzi na kwa kawaida si mtu wa maneno makali, aliniambia mbele ya watoto, "Baba yao, hiyo unayomtafutia mzee ni stika au sanda?" Neno hilo limenichoma na mpaka leo hatujazungumza vizuri.

Naomba unishauri nifanyeje ili familia iwe na subira, na kama inawezekana, kwa kalamu yako kali, uwaumbue hao wauzaji washushe bei.

Mimi, Fundi Niliyezingirwa

*

Fundi Uliyezingirwa,

Nianze na wauzaji, kwa sababu wamenipandisha hasira na sitaki kuibeba hadi mwisho wa safu hii. Hawa ni watu waliogundua kwamba mwanamume anayegombana sokoni kwa ajili ya fungu la nyanya atalipa chochote, bila kuuliza, mradi kitu kinamkumbusha baba yake. Hawauzi raba wala nembo. Wanapima huzuni ya mtu, kisha wanaitoza. Stika ya kwenye injini isiyovumilia joto la injini ni wizi, hata ikiwa na risiti. Kwa hiyo zile raba zirudishe, ukiwa na risiti zako, usimame katikati ya duka lao wakati lina wateja, useme kwa sauti kwamba zinavuja. Na usimlipe mtu tena kabla hujaishika bidhaa mkononi. Hilo limekwisha.

Sasa ni zamu yako, na usijifiche nyuma yao. Muuzaji amekula fedha zako, lakini hakukuzuia kutoka getini. Hilo umelifanya mwenyewe. Hebu rudia kuisoma barua yako: rangi ya stika, unene wa herufi, tabia yake kwenye joto, yote umenieleza. Shangazi yako, aliyepooza, anayekata maneno katikati, umempa sentensi moja, tena ukaipitia haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai.

Unatengeneza majokofu. Mteja akikuletea jokofu, ukalitengeneza, likagandisha barafu, halafu ukamwambia hulitoi kwa sababu lebo ya mgongoni imepauka, angekufanyaje? Angekuja na polisi, na mimi ningemsindikiza. Gari hilo si lako, bwana. Ni la mzee. Limepona, mwenyewe analihitaji, nawe umelizuia ili wanaume wazima waje na tochi kutafuta karatasi mahali ambapo hata panya hachungulii. Kiwandani walilitengeneza gari hilo ili mtu alipande aende kwa dada yake. Hiyo ndiyo kazi yake ya kiwandani, na hakuna mwenyekiti anayeweza kuikagua kwa tochi.

Nadhani najua kinachokusumbua, na hapo sikucheki. Gari likikamilika, safari itafanyika, na safari ikifanyika, mzee hatakuwa na kitu kingine cha kusubiri. Kwa hiyo kila wiki unamtafutia kasoro mpya, ukijidanganya kwamba maadamu kazi haijaisha, naye hawezi kuondoka. Wengi tumejaribu hila hiyo kwa wagonjwa wetu. Pumzi ya mtu haisubiri spea. Mkeo anaisikiliza pumzi hiyo kwa kazi yake, na alichokuambia ni taarifa ya muuguzi, ingawa aliitoa kwa ukali. Kamwombe radhi leo, kwa maneno, si kwa kumletea soda.

Kisha fanya hivi. Kagua matairi, maji, oili na breki, weka gurudumu la akiba na taulo mbili za kukinga hayo maji ya milangoni. Mzee akae mbele, mkeo nyuma yake, kwa sababu anajua kumwinua mtu bila kumwumiza. Nendeni asubuhi, polepole, msimame kila anapotaka kupumzika. Mkifika, mshike mzee mkono mpaka kwenye kiti kilicho karibu na dada yake, halafu toka nje. Boneti usiifungue hata jirani akikuomba. Wale wawili wana mambo yao ya utotoni, ya wakati wewe hukuwapo, na huenda hawatapata nafasi nyingine ya kuyasema.

Chama chako usikiarifu. Wa kuarifiwa ni shangazi. Weka gazeti chini, mpigie, umtajie siku. Mwanamke wa umri ule akiambiwa kaka yake anakuja, atataka aogeshwe mapema, avishwe nguo nzuri, akalishwe mlangoni mahali pa kuona njia. Ukithubutu kumwacha amekaa pale mpaka jua lizame, mimi usiniandikie tena.